Mjomba, mimi nataka pikapu, mama watoto anataka minivani

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Fort Worth, Texas. Ni saa 11 alfajiri, zamu imeisha, nimekaa kwenye maegesho ya kazini na sina haraka ya kurudi nyumbani. Si kwamba nyumbani kuna vita. Kuna kimya, na kimya cha mke wangu nimeshakizoea: ni cha mtu aliyemaliza kupiga hesabu zake, anangoja na wewe uzimalize zako.

Jambo lenyewe ni gari. Camry yetu imefika maili 214,000 na gia zimeanza kugonga, kwa hiyo kwamba tutanunua gari hakuna ubishi. Ubishi ni gari gani. Mimi nataka pikapu, tena si hizi ndogo. Nataka ile pana ya dabo kebini ambayo Ijumaa ukifika msikitini utaikuta imepaki kila pembe, na wenyewe wameiegemea wakipiga soga. Yeye anataka Sienna. Minivani, Mjomba! Noah aliyekula akashiba.

Mke wangu anapika pilau za shughuli. Alianza na sufuria moja aliyoazima kwa jirani, sasa haipiti Jumamosi bila harusi, akika au mahafali ya mtoto wa mtu. Nikamwambia pikapu itakuwa ya biashara yake. Tutavuta trela kubwa lenye jiko ndani, tutapakia sufuria, mitungi ya gesi, viti na hema, na Idd ikikaribia nitakwenda mwenyewe mnadani kuleta mbuzi. Akacheka. Akaniuliza, "Mbuzi wa mara mbili kwa mwaka ndio wa kununuliwa gari la dola 68,000?"

Asubuhi nne baada ya zamu nimezunguka kwenye yadi za magari. Ningeipata Hilux ningeishia hapo, lakini huku hawaiuzi, na sijui kwa nini. F-150 ya Ford niliiendesha ikanishangaza kwa wepesi. Silverado ina bodi kubwa na ukiikanyaga inanguruma unavyotaka pikapu ingurume. Ram ni kochi lenye magurudumu. Lakini nilipofunguliwa mlango wa Tundra nikaona ile alama ya Toyota katikati ya usukani, moyo ukatulia. Sisi kwetu Toyota ni Toyota. Nimeipenda moja mpya, inaitwa 1794, viti vya ngozi ya kahawia, paa la kioo, injini ya haibridi, ya mafuta na umeme, yenye nguvu farasi 437. Muuzaji anasema inavuta kama pauni 11,000. Bei na vikorombwezo vyote ni dola 68,000, sitangulizi hata senti, nalipa 1,060 kwa mwezi kwa miezi 84. Tuna akiba ya dola 12,000, amesema nisiiguse.

Rafiki yangu wa kazini ananitia moyo. Anasema nitaiandika kwa jina la biashara, kodi itashuka. Na nikichoka nayo baada ya miaka 10 nitaipandisha meli niipeleke Mombasa, nitakuwa peke yangu mji mzima.

Baba yangu alikuwa mpakiaji pale sokoni Kongowea. Maisha yake yote amepanda pikapu za watu nyuma, zile Peugeot 504, juu ya magunia ya vitunguu, na sikumbuki kumwona hata siku moja amekaa mbele. Basi, hayo ni mengine.

Ninalotaka kujua ni ipi kati ya hizo nne iliyo bora, na nimwambie nini mke wangu hata akubali. Nimeambatanisha picha sita.

Mpwa wako wa Fort Worth

*

Marahaba, mpwa wangu.

Picha nimeziona. Tano ni za gari na moja ni yako wewe na gari, na hiyo imenichekesha, maana sidhani kama hata siku ya harusi yako ulisimama vile. Lakini iliyonifaa ni ya nne, uliyoipiga mlango wa dereva ukiwa wazi ili nione ngozi ya kiti. Nimeikuza. Kwenye nguzo ya mlango, chini ya komeo, kuna kibandiko kidogo cha habari za matairi na uzito. Kinasema jumla ya watu na mizigo isizidi kilo 671, yaani pauni 1,480.

Hicho ndicho muuzaji hakukuonyesha, na mimi nikienda kutazama pikapu ndicho ninachokisoma kabla sijatazama kitu kingine. Namba ile haizungumzii Tundra zote. Inalizungumzia gari hilo hilo ulilopiga picha, pamoja na anasa zake. Tundra ya viti vya kitambaa iliyopaki pembeni yake kwa kawaida itakuwa na namba kubwa zaidi, kwa sababu paa la kioo, ngazi za umeme na betri ya haibridi vyote vina uzito, na uzito huo unatolewa kwenye mzigo ambao gari lingeubeba. Pikapu za siku hizi ndizo bidhaa pekee ninazozijua ambazo kadiri unavyolipa zaidi ndivyo zinavyokufanyia kazi kidogo.

Haya, tupakie. Wewe nakukadiria pauni 200, na hapo nimekustahi. Mama watoto tuseme 160. Hukuniambia mna watoto wangapi ila kwenye dirisha la nyuma naona vichwa vitatu, wote wadogo, tuseme 150 kwa pamoja. Hiyo ni 510. Sasa trela la jiko. Likishajaa tuseme ni pauni 7,000, na gari linaweza kulivuta, muuzaji hakukudanganya. Lakini trela halivutwi tu, linaegemea pia. Shingo yake inatakiwa iulalie mkia wa gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, la sivyo likifika maili 65 kwa saa linaanza kuyumba kama mlevi, na hapo ndipo unaona magari yamelala kwenye majani. Chukua 900. Tumefika 1,410.

Zimebaki pauni 70. Mfuko mmoja wa basmati wa pauni 40 na mtungi mmoja mdogo wa gesi uliojaa, umeshavuka. Sufuria bado ziko jikoni, hema na viti viko sebuleni, na mbuzi wako mnadani.

Sisemi pikapu ni dhaifu. Nasema ile 11,000 hupimwa gari likiwa na watu wawili na karibu tupu, na watu wengi hununua kwa namba hiyo kisha wanaishi kwa namba ya mlangoni.

Umeniuliza ipi bora katika nne. Nitakujibu, ila nitaanza na Hilux kwa sababu imenigusa. Mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, na chanzo chake, usicheke, ni kuku. Ulaya walikuwa wameongeza ushuru kwenye kuku wa Marekani, Rais Johnson akalipiza, na ndani ya kisasi hicho malori yakaingizwa. Ugomvi wa kuku ulishasahauliwa, ushuru haukuondoka. Ndiyo sababu mojawapo kwa nini magari kama Hilux hayaji, na kwa nini Toyota ikaamua kuijenga Tundra huku huku, San Antonio, mwendo wa saa nne tu kutoka kwako. Hata jina 1794 linatokana na mwaka ulioanzishwa ule ufugo wa ng'ombe ambao ardhi yake ndiyo iliyojengwa kiwanda. Kwa hiyo Tundra unayoiona ni Toyota, lakini ni Mtexas, na imeumbwa kwa ajili ya Wamarekani. Usiichanganye na Hilux iliyokubeba kwenda shambani.

Na huo moyo uliotulia ulipoona alama ya usukani, upe mashaka kidogo. Tundra za zamani zilistahili sifa. Kuna moja ya 2007, ya Louisiana, iliyofika maili milioni moja mpaka Toyota wenyewe wakaichukua kuichunguza. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2022 walikuja na Tundra mpya, V8, injini ya silinda 8, ikaondolewa, ikawekwa V6 ya silinda 6 yenye turbo mbili, na mwaka 2024 wakalazimika kuyaita yarudi kutengenezwa magari kama 102,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji yalikuwa yamebaki ndani ya injini. Usifikiri wengine wamesalimika. Aprili 2025 General Motors, wenye Silverado, waliyaita magari karibu 600,000 ya 2021 hadi 2024 yenye V8 ya lita 6.2, kwa matatizo ya kranki na beringi za konrodi; yaliyopita ukaguzi yakabadilishiwa oili, yakawekewa nzito zaidi. Kwa hiyo ile ngurumo ya Silverado iliyokupendeza, uliza ni ya lita ngapi.

Silverado yenyewe mimi naipenda kama gari la kazi. Bodi lake ni kubwa, bampa ya nyuma ina vidato pembeni vya kupandia, kitu kidogo ambacho mgongo wangu unakishukuru. Na ile dizeli yao ya lita 3.0 ni injini tamu kwa mtu wa safari ndefu. Ndani si pazuri kama kwa wenzake, basi.

Ram ni kweli ni kochi. Tangu 2009 Ram 1500 ina springi za koili nyuma wakati wenzake walikuwa bado wanalalia zile bapa zilizopangwa kama karata, na ukiipitisha kwenye mashimo utajua. Lakini ninachokipenda kwa Ram ni kisa chake cha juzi, kwa sababu kinaeleza wenye pikapu wanataka nini kuliko matangazo yote. Kwa magari ya 2025 waliitoa V8 ya Hemi, nguvu farasi 395, wakaweka injini mpya ya silinda 6 na turbo mbili, nguvu farasi 420, na daraja la juu 540. Kwa namba, imeizidi. Wateja wakanuna. Mwaka uliofuata Hemi ikarudi, na mtu anailipia. Analipia sauti, mpwa wangu, huku anajua kabisa kwamba amechukua nguvu pungufu.

Nisiwacheke, maana ni wengi. Kampuni ya utafiti ya Strategic Vision iliwahi kuwauliza wenye pikapu Marekani, matokeo yakachapishwa 2019: asilimia 75 walivuta kitu mara moja kwa mwaka au hata hiyo hawakuifikisha, na asilimia 35 waliweka mzigo kwenye bodi mara moja kwa mwaka au chini yake. Mtu mmoja katika watatu anatembeza bodi tupu karibu mwaka mzima. Hao unaowaona Ijumaa wameegemea, hebu chungulia nyuma ya magari yao. Ukikuta hata mkwaruzo mmoja niandikie.

F-150 nimeiacha mwisho makusudi. F-Series, ukoo wa pikapu za Ford ambamo F-150 imo, haijapitwa na pikapu nyingine kwa mauzo Marekani tangu 1977, lakini hilo si hoja, watu wengi hukosea pamoja. Ule wepesi ulioushangaa ni alumini, kebini na bodi vyote tangu toleo la 2015. Hoja yangu ni nyingine. F-150 ya haibridi inaweza kuja na soketi nyuma zenye jumla ya kilowati 7.2. Tundra uliyoipenda ina soketi ya wati 400, ambayo itachaji simu na kuzungusha blenda ndogo. Kilowati 7.2 ni majiko ya wali, taa, spika za maulidi na friza, vyote pamoja, bustanini, bila jenereta la kuwapigia kelele bibi harusi na wageni wake. Wewe wa Texas unakumbuka Februari 2021, baridi iliyozima umeme sehemu kubwa ya jimbo. Kuna watu waliendesha nyumba zao kwa hizi F-150, mpaka Ford ikawaomba wauzaji wake wa huko wawaazime watu zile zilizokuwa yadini. Katika nne ulizonitajia, hiyo ndiyo pekee inayompa mama watoto kitu ambacho Sienna haina.

Kitu kimoja, lakini. Sasa sikiliza upande wake, ambao katika barua yako umeupa sentensi moja ya kicheko.

Nimewahi kubeba pilau ya watu mia kwa pikapu, Columbus huku, harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Sufuria ile ikiwa imejaa wanaibeba watu wawili, mmoja kila mkono, kwa matambara kwa sababu ya moto. Mlango wa nyuma wa bodi ukishaushusha, sakafu iko kama futi 3 kutoka ardhini. Yaani mnaitoa sufuria chini, mnaipandisha mpaka kitovuni, halafu mnaisukuma ndani, na kwa vile bodi ni la plastiki ngumu inateleza mpaka kwenye kebini. Nani sasa apande kuifunga? Tukafunika kwa turubai. Kwenye barabara kuu upepo ukaingia chini ya turubai likaanza kupiga kama tanga la jahazi, na tulipofika pilau ilikuwa ya moto upande mmoja na baridi upande wa pili, juu imepakwa vumbi la Ohio. Bibi harusi hakuambiwa. Sienna sakafu yake iko magotini, viti vya nyuma vinalala, mlango wa pembeni, kwenye baadhi ya madaraja, unafunguka wenyewe kwa mguu mikono ikiwa imeshika sufuria, na ndani hakuna upepo. Mkeo hapendi minivani zaidi yako. Anajua tu sufuria ina uzito gani, kwa sababu ndiye anayeibeba.

Kama vitu ni vingi, liko trela dogo lililofunikwa, la ekseli moja, ambalo likijaa halizidi pauni 2,990. Sienna inaruhusiwa kuvuta 3,500. Huhitaji jiko la pauni 7,000, unahitaji stoo yenye magurudumu na ngazi ya kusukumia.

Mafuta: serikali inaipima Sienna maili 36 kwa galoni, na Tundra yako 20. Kwa maili 15,000 kwa mwaka na galoni ikiwa dola 3, tofauti ni kama dola 1,000 kila mwaka. Hiyo ni mbuzi wangapi?

Mkopo. Dola 1,060 mara 84 ni 89,040. Kwenye gari la 68,000 umelipa 21,000 juu, yaani riba ya kama asilimia 8 kwa mwaka. Kuhusu riba yenyewe kama riba, hilo kaa na shekhe wako. Mimi nakuhesabia tu. Na muuzaji anayekwambia usiguse akiba yako hakuonei huruma, anataka deni liwe nene. Miezi 84 ni miaka 7, na kwa miaka 3 au 4 ya mwanzo utakuwa unadaiwa zaidi ya thamani ya gari. Ukigongwa hapo katikati, au ukapoteza kazi, utalia.

Gereji. Tundra ya bodi fupi ina urefu wa inchi 233.6. Gereji za nyumba nyingi huku zina kina cha futi 20, yaani inchi 240. Zinabaki inchi 6 na kidogo. Friza la nyama liko wapi? Nakisia ukutani mwa gereji. Nakisia tena kwamba hukumwambia litahamia wapi. F-150 ni fupi kwa inchi 2 tu, kwa hiyo hata hiyo haitakuokoa.

Lingine sipendi kulisema lakini nitalisema. Simama mbele ya lile gari, upime boneti limefika wapi mwilini mwako. Shirika la IIHS, linalopima usalama wa magari, lilitoa utafiti 2023: magari ambayo boneti lake limezidi inchi 40 yana uwezekano wa kama asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu wa miguu yanapomgonga, kuliko yale ya boneti la inchi 30 au chini na pua iliyoteremka. Mtoto wa miaka 4 ana urefu wa kama inchi 40. Mpeleke yule mdogo yadini, mama yake amshike mkono, asimame mbele ya bampa, wewe ukae kwenye usukani. Umtafute. Kamera zipo, najua. Nataka tu umtafute kwa macho kwanza, injini ikiwa imezimwa.

La rafiki yako wa kazini nitalipitia mbio. Kodi: punguzo lipo kwa magari mazito ya kazi, lakini lazima zaidi ya nusu ya maili ziwe za biashara, na uwe na daftari la kuzithibitisha, maili za kwenda zamu na msikitini si za pilau. Mombasa: Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe, wala haisajili la usukani wa kushoto kwa mtu wa kawaida. Ukifika nalo bandarini la miaka 10, usukani kushoto, hutakuwa peke yako mji mzima. Utakuwa peke yako ofisini kwa watu wa forodha.

Nimebakiza la mzee.

Barua yako ina aya saba. Umeandika Tundra, ukaandika farasi 437, ukaandika trela na mbuzi, kisha karibu na mwisho ukamtia baba yako juu ya magunia ya vitunguu, ukajistukia, ukasema hayo ni mengine. Nimeisoma aya ile mara tatu. Mimi nilikuwa utingo, mpwa wangu, kabla sijawa dereva. Nazijua zile 504. Najua kushika chuma cha kebini kwa vidole vinne huku unatazama kisogo cha dereva kupitia kioo, naye ndani amekaa na tajiri wanacheka jambo usilolisikia. Mtoto wa mtu aliyepanda nyuma anataka kukaa mbele, na anataka gari hilo hilo, si Camry wala Sienna. Sioni ubaya wake hata kidogo. Ubaya ni kumtwika mama watoto sababu hiyo ukiipaka pilau.

Kwa hiyo hilo la nimwambie nini, jibu ni hilo. Usimpelekee namba za kuvuta, atakushinda, amekwisha kuzipiga. Mweleze Kongowea. Sidhani kama umewahi. Mwambie unaitaka kwa sababu unaitaka, kisha mpe karatasi ya hesabu na kalamu ashike yeye.

Kwa biashara yeye yuko sahihi, sina la kuongeza. Kama akikubali kwamba nyumba inabeba na hilo lako, basi siyo 1794 mpya. Ningekuwa mimi ningetafuta F-150 haibridi ya daraja la XLT, ya miaka 3 au 4, yenye zile kilowati 7.2 (si zote zinazo, nyingine zina 2.4 tu, fungua bodi usome kwenye soketi), kisha ningeifunika bodi kwa kofia ngumu upepo usiingie. Tuseme umeipata kwa 40,000, ukatoa 10,000 katika ile akiba, 30,000 kwa miezi 60: kwa riba ile ile ya asilimia 8 unalipa kama 608 kwa mwezi. Mpe fundi wa nje ya yadi aikague kabla hujatia sahihi, betri na gia hasa. Na ukiona hata 608 inaminya, chukueni Sienna iliyotumika, na siku ya mbuzi kodi pikapu ya U-Haul. Wanaziandika dola 19.95 kwa siku, maili zinahesabiwa juu yake.

Kabla ya kusaini chochote, rudi yadini na vitu vitatu: tepu ya fundi, simu ya kupiga picha kibandiko cha mlangoni, na ile sufuria kubwa kuliko zote za mama watoto, iliyojazwa maji. Mwombe muuzaji akushikie mkono mmoja muipandishe.

Mjomba wako, Columbus